Pima Meza na Dirisha Kabla ya Kununua Skrini



Shule zinapofungwa Novemba, kuna ombi linaloingia katika nyumba nyingi za Kizingo, Mombasa. Kijana ameshapata kompyuta ya gemu ya bei ya kati. Fundi wa mjini amemuungia, ina kadi ya michoro ya kutosha, na sasa kinachotakiwa ni skrini. Akiulizwa anataka skrini gani, jibu lake ni moja: kubwa. Baba anatoka kazini, anapita dukani, anaambiwa ipo ya inchi 32, ipo ya 4K, na ipo ya inchi 27 kwa bei ya kutupa. Anachukua hiyo ya kutupa. Pesa nyingi hupotea hapo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu skrini ndicho kifaa kinachodumu nyumbani kuliko karibu vyote vilivyomo ndani ya kompyuta. Kadi hubadilishwa, memori huongezwa, skrini hubaki palepale. Na ndiyo itakayotazamwa na macho ya mtoto, mchana akifanya kazi za shule na usiku akicheza.

Tuanze na inchi. Zinapimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe iliyo mkabala nayo, na zinakueleza ukubwa tu. Uzuri wa picha unatokana na pikseli, zile nukta ndogo zinazojenga kila unachokiona. Skrini ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Zikitandazwa kwenye kioo cha inchi 24, kila inchi hupata pikseli 92 hivi, na mtu aliyekaa umbali wa sentimita 60 huona maandishi safi. Zitandaze pikseli hizohizo kwenye inchi 27, na kila inchi inabaki na 82. Herufi zinaanza kuonekana na kingo za ngazi. Sasa mnajua kwa nini ile ya inchi 27 ilikuwa ya bei ya kutupa: mmeongezewa kioo, picha haikuongezwa kitu. Ukitaka inchi 27, itafute ya 1440p, yaani 2560 kwa 1440, ambayo kila inchi yake inapata pikseli 109. Huhitaji miwani kuiona tofauti hiyo.

Na wako wanaosema, tivii ya inchi 32 ipo sebuleni, kwa nini tusiitumie hiyo? Tivii nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwetu zina pikseli 1366 kwa 768. Hiyo ni pikseli 49 kwa inchi, karibu nusu ya skrini ya inchi 24 niliyoitaja. Ukikaa kwenye kochi mita mbili mbali, haina neno, mpira utautazama vizuri. Ukiivuta juu ya meza ya kusomea, macho yatachoka kabla ya adhuhuri. Tena tivii nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha, na mchezaji huhisi mkono umebonyeza lakini mhusika wake kwenye kioo amechelewa. Kuna sehemu ya mipangilio iitwayo Game Mode inayopunguza ucheleweshaji huo. Haiongezi hata pikseli moja.

Haya, na 4K je? Hapa ndipo kadi ya michoro inapoingia. Skrini ya 1080p ina pikseli milioni 2 na kidogo. Ya 1440p ina milioni 3.7. Ya 4K ina milioni 8.3, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Kadi inatakiwa izichore zote, tena upya, mara 60 au 100 kila sekunde. Kuipa kadi ya kati skrini ya 4K ni kumbebesha hamali mmoja wa soko la Marikiti magunia manne kwa mkupuo: atayasogeza, lakini kwa mwendo gani? Kadi kama RTX 4060 ya mwaka 2023 au RX 7600 ya mwaka huohuo zina gigabaiti 8 za memori kila moja, na uwanja wake wa kweli ni 1080p. Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024, ina gigabaiti 12, na Intel wenyewe waliitangaza kuwa ya 1440p. RTX 3060 ya gigabaiti 12, ambayo ni ya 2021, bado inaiweza 1440p kwa gemu nyingi ukipunguza mapambo kidogo. Na siku hizi kuna DLSS na FSR, mbinu za kuichora picha ndogo kisha kuikuza kwa ustadi. Zinasaidia sana kwenye 1440p. Lakini usinunue skrini ukitegemea msaada. Inunue kwa nguvu uliyo nayo.

Hezi nitazigusa kwa ufupi. Skrini ya Hezi 60 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, ya Hezi 144, kila baada ya milisekunde 7 hivi. Kutoka 60 kwenda 144 kila mtu anaona, hata bibi akipita nyuma ya kiti. Kutoka 144 kwenda 240 unaokoa chini ya milisekunde 3, na kwa kompyuta ya kati kadi yenyewe mara nyingi haifiki huko. Jambo moja tu nawaomba mlisikilize vizuri: wako vijana wenye skrini ya Hezi 144 ambayo imekuwa ikienda kwa 60 tangu siku ilipotolewa kwenye boksi, kwa sababu hakuna aliyeingia kwenye mipangilio ya Windows kuibadilisha, au kwa sababu imefungwa kwa waya wa zamani wa HDMI uliotolewa kwenye droo. Tumia waya wa DisplayPort, kisha fungua sehemu ya skrini kwenye mipangilio uhakikishe mwenyewe.

Wala Hezi hazitibu laini ya intaneti. Mombasa tuna bahati, nyaya za baharini zinatua hapahapa, na ule wa TEAMS umetuunganisha na Fujairah tangu 2009. Lakini Mei 2024, nyaya nyingine za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Kenya nzima, na hakuna skrini iliyomwokoa mtu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo muuzaji hatakuuliza hata siku moja: chumba.

Kizingo ni mahali pa mwanga. Nyumba za zamani zenye bustani zimepisha maghorofa, na kila ghorofa linajengwa likitazama bahari, madirisha mapana, baraza mbele. Desemba, wakati wa kaskazi, jua huchomoza likiwa limeelemea kusini, na kusini ndiko zinakotazama nyumba nyingi kati ya barabara ya Mama Ngina na mlango wa Likoni. Kwa hiyo miezi ileile ambayo mtoto yuko nyumbani ndiyo miezi ambayo dirisha lake linamwaga mwanga mkali. Ukiweka skrini ikitazama dirisha, utaona pazia na bahari ndani ya kioo. Ukiiweka mgongo kwa dirisha, macho yatapambana na mwanga unaotoka nyuma yake. Iweke ubavu kwa dirisha. Chagua kioo kisichong'aa, na mwangaza usipungue niti 300. Paneli ya IPS inafaa hapa, maana rangi zake hazigeuki ukikaa upande. Tena usiisogeze karibu na dirisha lililo wazi, kwa sababu hewa ya chumvi ya bahari yetu hula chuma, na matundu ya waya nyuma ya skrini ni chuma.

Ukivuka ukaingia Mji wa Kale, hali ni nyingine kabisa. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, madirisha ni madogo, na chumba cha ndani huwa na giza hata saa saba mchana. Huko niti 250 zinatosha, na paneli ya VA, ambayo weusi wake ni mzito zaidi, inapendeza mno kwa gemu za usiku na mapango, ingawa picha za giza zinazokwenda kasi huacha kivuli kidogo. Shida ya huko ni nafasi. Skrini ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60, na miguu yake inaweza kumeza sentimita 20 na zaidi za kina cha meza. Kama meza ina kina cha sentimita 50, mtoto anabaki ameibana pua kwenye kioo. Dawa ni mkono wa chuma unaobana ukingo wa meza. Usiutoboe ukuta wa matumbawe. Ule ukuta hulegea ukichokolewa.

Stima isiwatishe. Skrini ya inchi 24 hutumia takriban wati 20 hadi 25, na ya inchi 27 ya 1440p wati 35 hadi 45. Kwa saa tano kila siku, tofauti ni kama uniti 3 kwa mwezi. Kompyuta yenyewe ndiyo inayokula tokeni. Kinachotakiwa kuogopwa ni stima inavyorudi baada ya kukatika, na baada ya giza la nchi nzima la Agosti, Novemba na Desemba 2023 sidhani kuna anayehitaji kuambiwa. Nunua TV gadi pamoja na skrini, siku hiyohiyo.

Kwa wasio na uwezo wa skrini mpya, zipo zile zilizotoka maofisini Uingereza na Dubai. Nyingi ni za Hezi 60, lakini zina miguu inayopanda na kushuka, na vioo vyake ni vya kusomea kweli. Kwa mtoto anayecheza gemu za mpira na kusoma, ile ya inchi 24 ya 1080p iliyo nzima ni bora kuliko inchi 27 mpya ya 1080p. Nalisema bila kusita.

Uamuzi wangu basi ni huu. Kadi ya gigabaiti 8 na meza nyembamba: inchi 24, 1080p, Hezi 144. Kadi ya gigabaiti 12 na meza yenye kina cha sentimita 65 kwenda juu: inchi 27, 1440p, Hezi 144 au 165, na hii ndiyo ningeipendekeza kwa nyumba nyingi za Kizingo zinazoweza. Inchi 32 ya 1440p inarudi kwenye pikseli 92 kwa inchi kama ile ya inchi 24, lakini ukubwa wake unataka mtu akae mbali. 4K iacheni mpaka kadi ibadilike.

Wazazi, kabla ya kutoka nyumbani chukueni futi ya fundi cherehani mpime kina cha meza, mwandike na jina la kadi kwenye karatasi. Mkifika dukani mwambieni muuzaji aiwashe skrini, aweke rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, mkague kila pembe kama kuna nukta iliyokufa. Asipokubali kuiwasha, msimlipe.