Mlio Unaoamuru: Kuitambua Milio ya Hatari katika Manowari za Vita Kuu ya Pili



Wapo wanaoshikilia kwamba manowari zote za Vita Kuu ya Pili zililia mlio mmoja wa hatari: ule wa kukwaruza, "a-uuu-ga", tuliouzoea kwenye filamu. Dai hili nimelisikia hata kwa wasomi, na jioni hii nakusudia kuling'oa na mizizi yake.

Mlio huo ni wa klaksoni, honi aliyoibuni Mmarekani Miller Reese Hutchison kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mota huzungusha gurudumu lenye meno, meno yakagonga kiwambo cha chuma. Mota ikishika kasi sauti hupanda, ikizimwa hushuka. Katika nyambizi za Marekani mlio huo ulikuwa amri ya kazi: ukilia mara mbili, zama, mara tatu, ibuka. Haukutangaza kwamba adui amefika. Ulilia hata siku ya mazoezi, bahari ikiwa shwari na adui hayuko karibu. Wito wa kushika nafasi za vita ulikuwa na mlio wake wa kengele, na hatari ya kugongana ilikuwa na king'ora chake.

Hapa niruhusuni nikawie kwenye kitabu nikipendacho kuliko vyote katika somo hili, *The Fleet Type Submarine*, mwongozo wa mafunzo wa Jeshi la Wanamaji la Marekani wa mwaka 1946. Mlio wa kuzama unapolia, injini za dizeli zinazimwa, mota zinachukua umeme wa betri, vali za moshi zinafungwa, matangi yanafunguliwa hewa itoke maji yaingie, mapezi ya mbele yanatandazwa. Yote kwa pamoja! Afisa hutazama ubao wa taa: nyekundu ni tundu lililo wazi, kijani ni lililofungwa. Mwandishi wa mwongozo hapotezi hata neno moja kusifia ukali wa sauti. Anaeleza mikono ya nani ifanye nini.

Sasa vukeni mwende upande wa Wajerumani. Ndani ya nyambizi zao, amri ya kuzama haraka ilitolewa kwa kengele ya umeme. Kengele, basi, kwa baharia wa meli ya Marekani ni wito wa kushika mzinga. Kwa Mjerumani aliye kwenye nyambizi ni wito wa kushuka ngazi mbio. Anayetaka kuutambua mlio bila kuuliza ni wa jeshi gani na chombo gani anabahatisha.

Wenzangu hunijibu kwamba sauti kali ilitosha, maana baharia aliyeshtuka atakimbia tu. Ni kweli ataamka. Lakini akimbilie wapi? Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na aliyefunzwa hulijua jambo lenyewe kabla hajafumbua macho.

Babu yangu mzaa mama, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, alipanda meli katika bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Alitusimulia zaidi juu ya mazoezi ya mashua za kuokolea kuliko juu ya vita vyenyewe. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani I-27. Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili, na zaidi ya watu 1,200 wakafa. Katika muda huo hakuna king'ora kinachoweza kumfundisha mtu kazi mpya. Ndiyo maana nashikilia, na nitaendelea kushikilia, kwamba thamani ya mlio wa hatari ilikuwa katika mazoezi yaliyoutangulia.

Wanafunzi wangu, waliokuwa ndani ya meli zile karibu wote wametutoka, ila watoto wao wapo. Waendeeni Mombasa, Machakos, Tabora na Zomba. Waulizeni wazee wao waliwasimulia kusikia nini melini, na waliposikia walifanya nini. Kisha yaandikeni.