Somo la Kumi na Tisa: Motokari ya Fahari na Amri ya Saba

Katika somo lililopita tulieleza Amri ya Saba ya Mungu, inayotukataza kuichukua au kuizuia mali ya mwenzetu kwa dhuluma. Leo tutaendelea na amri hiyo, tukiifungamanisha na Amri ya Kumi, inayotukataza kuitamani mali ya wengine. Hatutasema juu ya wezi wa usiku. Tutasema juu ya mtu mwenye kazi halali, mwenye kusali, anayesimama mbele ya motokari inayouzwa na kujiuliza moyoni: Je, ninunue?

Labda mmoja wenu atacheka na kusema: «Mwalimu, tangu lini katekismu inafundisha habari za motokari?» Ninamjibu: Tangu siku Wakristu walipoanza kuzinunua. Mungu hakai kanisani tu akitungoja Jumapili. Yuko nasi pia sokoni, na kwenye depo ya madini, na pale tunapohesabu noti mezani, mlango ukiwa umefungwa.

Habari ya baba mmoja

Mwanzoni mwa mwaka 2025, baba mmoja alinijia baada ya Misa. Ni baba wa watoto sita. Hununua mawe ya kobalti na shaba kwa wachimbaji wa mkono, kisha huyauza kwenye depo. Aliniambia:

— Mwalimu, nina neno.

— Sema, baba.

— Nimeona jeep huko Lubumbashi. Ni Land Cruiser nyeusi, viti vya ngozi, motori ya mazutu ya silinda nane. Imetoka Dubai, ikapita bandari ya Dar es Salaam na nchi ya Zambia mpaka Kasumbalesa. Mwenyewe anataka dola 48,000. Mimi ninazo 30,000. Je, nikiinunua, ni dhambi?

Nilimjibu: «Baba, kwa swali hilo peke yake siwezi kukujibu. Motokari ni chuma. Chuma hakina dhambi wala fadhila. Kwanza unijibu maswali matatu.»

Swali la kwanza lilikuwa hili: Motokari hiyo ni ya kazi gani?

Akanieleza kwamba wakati wa mvua njia za migodini huwa matope matupu, na motokari ndogo hukwama. Akasema kwamba barabara ya Likasi na Lubumbashi imejaa malori mazito, na mtu aliye ndani ya motokari kubwa hujiona salama zaidi. Hayo yote ni kweli, nami nilimkubalia. Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwa sauti ya chini: «Nikikuambia ukweli wote, Mwalimu, wenzangu wote wana jeep. Mimi nikifika depo na kimotokari changu, wananipokea kama mtoto.»

Nilimshukuru kwa ukweli huo, maana wengi huuficha hata mbele ya dhamiri yao. Halafu nikachukua karatasi. Bwana wetu, katika Injili ya Luka, sura ya 14, anatufundisha kwamba mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tukaketi, tukahesabu.

Motokari ya namna hiyo hunywa karibu lita 12 au 13 za mazutu kwa kilomita 100. Likasi na Lubumbashi ni karibu kilomita 120. Kwenda na kurudi ni lita 30 hivi. Ongeza malipo ya barabara, asiransi, kodi ya mwaka, na magurudumu makubwa. Motori yenyewe ina sindano nane za kupulizia mazutu, nazo hudai mafuta safi. Zikiingiwa na maji au uchafu, gharama yake ni kubwa. Tena kama motokari ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za Ulaya, huenda bomba lake la moshi lina chujio la kuzuia masizi. Chujio hilo hujisafisha kwa joto la safari ndefu, na hutaka mazutu yenye salfa kidogo. Mtu akiendesha motokari hiyo kila siku kutoka nyumbani mpaka sokoni tu, chujio litaziba. Nikamwuliza: «Je, ulimchukua fundi akaitazame? Unajua ilitengenezwa kwa ajili ya nchi gani?» Hakujua. Alikuwa ameitazama rangi, akavikalia viti.

Nikamwambia: «Iko Land Cruiser ya kazi, ile pikapu ya namna iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Fundi yeyote wa Likasi amekwisha kuifungua na kuifunga. Nayo hupanda katika matope yale yale. Baba, matope yanadai magurudumu manne yenye nguvu. Hayadai viti vya ngozi.»

Swali la pili: Fedha hizo ni za nani?

Akashangaa. «Ni zangu, Mwalimu.» Nikamwomba anitajie madeni yake. Tukaandika. Hapo ikaonekana kwamba kundi moja la wachimbaji lilimletea mifuko yao kabla ya Noeli. Aliwaambia wangoje mpaka depo imlipe. Depo ilikwisha kumlipa. Wao walikuwa wakingali wakingoja. Deni lao lilikuwa dola 7,000.

— Wale hawana haraka, Mwalimu. Wamenizoea.

— Je, uliwauliza?

Hakujibu.

Ndugu wapendwa, sikilizeni vizuri. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anaonya kwamba ujira uliozuiwa na tajiri una sauti, na sauti hiyo hufika masikioni mwa Mungu. Wale vijana walishuka shimoni kwa kamba, bila kujua kama udongo utawaangukia. Jasho lao lilikuwa ndani ya zile dola 30,000. Kuiba si kuvunja mlango tu. Mtu anayeshika ujira wa mwenzake hali anaweza kuulipa, naye anaivunja Amri ya Saba, hata kama anatoa sadaka kubwa kanisani.

Swali la tatu: Ni nani atakayebeba mzigo wa deni?

Alitaka kukopa dola 18,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa ile njia ambayo watu wa miji yetu huiita «Banque Lambert», ambayo riba yake huhesabiwa kwa mwezi. Rehani ilikuwa nyumba yake.

— Je, mama wa nyumbani anajua?

— Bado. Nataka kumshangaza.

— Atashangaa kweli, baba.

Alicheka, lakini kicheko hakikudumu. Aliondoka bila kuniaga vizuri, naona alikuwa na hasira nami.

Mambo yaliyofuata

Baada ya majuma mawili alirudi. Alikuwa amewalipa wachimbaji wote. Alikuwa amemwambia mkewe habari zote, na mkewe akafungua daftari lake akamwonyesha minervali ya watoto ambayo ilikuwa haijalipwa. Ile jeep nyeusi akaiacha. Siku za matope hukodi pikapu ya jirani. Nami sitawaficha kwamba alipata hasara: mteja mmoja alimwacha, akaenda kwa mfanyabiashara mwenye motokari nzuri zaidi.

Halafu, tarehe 22 Februari 2025, serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno. Mwezi wa Juni ikaongeza miezi mitatu. Kuanzia tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo, usafirishaji ukafunguliwa kwa kiasi kilichopimwa tu. Ninyi mnajua jinsi biashara ilivyolegea katika miezi ile. Kama baba huyu angalikuwa na deni la Lambert, nyumba yake ingalikuwa hatarini.

Lakini jihadharini, ndugu! Msiseme: «Mungu alimpa zawadi kwa sababu aliwalipa wachimbaji.» Hilo silo fundisho la Eklezya. Bei ya kobalti ilipanda sana mwaka 2018, ikaanguka, ikapanda tena mwaka 2022, ikaanguka tena. Laiti ingalipanda mwaka 2025, baba huyu angaliona wenzake wakipita kwa fahari na kumtimulia vumbi. Na hata hivyo, kuwalipa wachimbaji kungalikuwa wajibu wake vile vile. Haki hatuitendi ili itupatie faida. Tunaitenda kwa kuwa Mungu ni mwenye haki, nasi ni watoto wake.

Wazee wa Likasi wanakumbuka pia miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kazini kwa kupewa malipo ya mara moja. Waliokuwapo wanajua jinsi fedha nyingi zinazokuja siku moja zinavyoweza kwisha kabla mtu hajajifunza kuzitawala. Tusiwacheke. Tujifunze kuhesabu pamoja, baba na mama, kabla ya kununua.

Fundisho la Eklezya

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mtu ana haki ya kuwa na mali yake. Lakini akisha kupata yanayomlazimu yeye na jamaa yake kwa heshima, yanayobaki yampasa kuyafikiria pamoja na maskini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikumbusha kwamba Mungu aliuumba ulimwengu na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Basi tajiri ni msimamizi wa mali, naye atatoa hesabu.

Fundisho hili si la wafanyabiashara peke yao. Mwaka 2013 Papa Fransisko aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba moyo wake huumia akimwona padri au mtawa katika motokari ya namna mpya kabisa. Aliwashauri wachague iliyo ya kiasi, wakikumbuka watoto wanaokufa kwa njaa. Yeye mwenyewe alipanda motokari ndogo. Na katika barua yake Laudato Si', ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kununua si jambo la biashara tu, bali ni tendo lenye wema au ubaya ndani yake. Moshi na vumbi tunavyoviacha barabarani huvutwa na watoto wanaokwenda shuleni kwa miguu.

Tunaye pia ndugu yetu Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Alikataa rushwa, asiruhusu chakula kilichooza kiuzwe kwa watu. Akauawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Yeye naye angaliweza kujipatia motokari nzuri kwa rushwa. Alichagua dhamiri safi.

Maswali ya kujifunza kwa moyo

Swali: Je, kununua motokari ya thamani ni dhambi?
Jibu: Kwa yenyewe si dhambi. Huwa dhambi ikinunuliwa kwa mali ya dhuluma, au kwa kuwanyima watu haki yao, au kwa majivuno yanayosahau maskini.

Swali: Ni nini yatupasa kulipa kwanza kabla ya kununua vitu vya fahari?
Jibu: Yatupasa kulipa ujira wa watu waliotufanyia kazi, madeni yetu, na mahitaji ya jamaa yetu.

Swali: Je, inafaa baba wa nyumba aiweke nyumba rehani kwa siri?
Jibu: Haifai. Mume na mke ni mwili mmoja, nao hupaswa kushauriana juu ya mambo makubwa ya nyumba yao.

Swali: Nitajuaje kama kitu ni cha lazima kwangu au cha fahari tu?
Jibu: Nitajiuliza mbele ya Mungu: Kama hakuna mtu atakayeniona nacho, je, ningali nakihitaji?

Azimio la juma hili

Kila baba na kila mama achukue karatasi, aandike majina ya watu anaowadai na majina ya watu wanaomdai. Juma hili amlipe angalau mmoja wa wale wanaomdai, akianza na aliye maskini zaidi. Asiye na deni amshukuru Mungu, na amtazame jirani yake.

Tuombe. Ee Yezu, Bwana wetu, uliyeingia Yeruzalemu juu ya punda wa kuazima, utufundishe kutumia vitu vya dunia bila kutawaliwa navyo. Uwalinde wachimbaji wetu chini ya ardhi na wasafiri wetu barabarani. Utupe mikono inayolipa upesi na mioyo isiyoona haya kuwa na kidogo. Amina.

Kwaherini, wasikilizaji wapenzi. Katika somo lijalo tutaeleza Amri ya Nane, juu ya ukweli na uongo. Tumsifu Yezu Kristu!