Makumbusho ya Kitale: Kutoka Vipepeo vya Mlowezi Hadi Nyumba za Nyasi



Wengi waliosoma shule za huku waliingia Makumbusho ya Kitale mara moja tu, wakiwa kwenye foleni ya wanafunzi, na wanachokumbuka ni nyoka na mamba. Si vibaya, lakini yapo mengine.

Makumbusho hayo yalianza kama hazina ya mtu mmoja. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi Mwingereza, alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alikusanya vipepeo, ndege na vifaa vya wenyeji. Alipofariki mwaka 1966, aliachia taifa mkusanyiko huo. Jengo la sasa lilifunguliwa Desemba 1974, likiwa makumbusho ya kwanza ya aina yake huku bara.

Ndani mna vifaa vya Wapokot, Wamarakwet na Waturkana. Mtu wa Kachibora, aliyezoea kuamka akiitazama milima ya Cherang'any, atavikuta vitu vya majirani zake nyuma ya kioo. Jambo moja hukosekana katika makumbusho mengi ya enzi hizo: jina la fundi. Kabila limeandikwa, aliyechonga hakuandikwa.

Nje, uani, ndiko kwenye usanifu wenyewe. Pana maboma ya kienyeji: kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Nyumba hizi huonekana rahisi kujenga mpaka ujaribu. Paa lazima liwe na mteremko mkali ili mvua isitulie, na nyasi hufungwa kuanzia chini kwenda juu, tabaka juu ya tabaka. Kisha kuna moshi. Moto wa mekoni ulikausha nyasi na kufukuza wadudu, paa likadumu. Nyumba ya maonyesho haina mama anayepika humo, kwa hiyo huoza upesi kuliko iliyokaliwa na watu, nayo humhitaji mwezekaji mara kwa mara.

Huyo mwezekaji atatoka wapi? Mashamba yamelimwa mahindi hadi ukingoni mwa mto, nyasi ndefu ni za kutafutwa, na vijana wamejifunza kupigilia mabati. Hakuna wa kuwalaumu, bati halivuji.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka makumbusho katika kazi za kaunti. Maana yake ni kwamba jumba la sanaa na historia linaweza kusimama hata nje ya Kitale. Lakini jengo tupu ni ghala. Kwa hiyo, kabla kigoda cha babu hakijauzwa kwa mnunuzi apitaye na pikipiki, kipigwe picha. Liandikwe jina la aliyekichonga, mti aliotumia, na nani alikikalia. Na kama kijijini yupo mzee anayejua kuezeka, kijana mmoja apande naye juu ya paa msimu huu wa kiangazi.