Fedha Mbili Katika Safu Moja: Dashibodi za Biashara Ndogo Tarime na Serengeti

Mada kwa semina ya maofisa biashara, maofisa maendeleo ya jamii na makatibu wa vikundi vya wajasiriamali



Maana

Lahajedwali ni jedwali la safu na mistari linalojipigia hesabu. Dashibodi ni ukurasa wake mmoja unaokusanya mauzo, gharama, faida na madeni mahali pamoja. Excel inaifanya kazi hiyo, Google Sheets inaifanya hata kwenye simu, na LibreOffice Calc ni ya bure. Haya tunayajua sote.

Duka la Mugumu, wilayani Serengeti, linalonunua na kuuza kwa shilingi yetu linatoshwa na kiolezo cha kawaida. Kiolezo hichohicho kikifika Sirari, mpakani na Kenya, kinaharibu hesabu.

Tatizo la safu ya Kiasi

Chukueni mfano wa darasani. Mama ananunua mikungu 40 ya ndizi Tarime kwa sh. 240,000, analipa usafiri na ushuru sh. 30,000, kisha anavuka mpaka kuiuza Isebania kwa shilingi 400 za Kenya kila mkungu. Amepata 16,000 za Kenya. Anaiandika 16,000 kwenye safu ya Kiasi, chini ya 240,000 yake. Dashibodi inamwonyesha hasara ya sh. 254,000, na mchoro unageuka mwekundu. Tukichukulia shilingi moja ya Kenya ni 20 za kwetu, mama huyu amepata faida ya sh. 50,000.

Wapo wanaojitahidi kuandika "Ksh 16,000". Hao ndio wanaoniumiza zaidi, maana kompyuta mara nyingi huisoma seli hiyo kama maandishi, na fomula ya SUM inairuka kimya kimya. Aliyeandika ukweli wote anapoteza mauzo yote.

Kosa la tatu ni la sisi wataalamu. Tunaweka kiwango cha kubadilishia fedha kwenye seli moja, tunaifunga kwa $H$1, tunaona tumemaliza. Mwezi ujao kiwango kikishuka hadi 18, katibu anabadilisha seli ile, na faida ya mwezi uliopita inashuka kutoka 50,000 hadi 18,000, ilhali fedha zilishabadilishwa na zikalipa ada ya mtoto. Nimelisema hili semina baada ya semina, na violezo vya namna hiyo bado vinasambazwa.

Kuhusu sheria niwe mwangalifu. Kanuni za mwaka 2025 zinataka bei ndani ya nchi zitajwe na kulipwa kwa shilingi ya Tanzania, na mada hii haipingani nazo. Lakini aliyeuza Isebania amelipwa kwa fedha ya huko. Kuandika alichopokea ni kutunza kumbukumbu. Kwa Serengeti, kumbukumbu za nyuma za wanaohudumia watalii zina dola, na ugonjwa ni uleule.

Mapendekezo

Kila kiolezo kiwe na safu nne: Kiasi, Fedha, Kiwango na Thamani kwa Shilingi. Dashibodi isome safu ya nne tu.

Safu ya Fedha iwe orodha ya kuchagua, mtu asichape chochote. Kiasi kiwe tarakimu tupu.

Kiwango kiandikwe kwenye kila mstari, kile alichobadilishia siku hiyo benki au kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni, na kisiguswe tena. Risiti itunzwe. Narudia: kiwango kimoja kwa faili zima kiachwe kabisa.

Asiye na simu janja achore safu hizohizo nne kwenye kaunta buku, katibu amhamishie kwenye lahajedwali kila wiki.

Kamati zinazopitia maombi ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zisimkatae mtu kwa kutazama mchoro. Zifungue karatasi ya miamala, ziulize kila tarakimu ni ya fedha gani. Mwanamke anayenyimwa mtaji kwa sababu ya safu iliyokosekana ameonewa, na sisi tuliompa faili tunahusika.

Mafunzo yaanze na kumbukumbu, rangi na michoro vije mwisho. Violezo vya zamani vifutwe kwenye kompyuta za ofisi, visiendelee kusambaa.

Kiolezo chenye safu nne kimo kwenye flashi hii. Naomba kila katibu akinakili kabla ya chai, ajaze mauzo ya gulio lililopita, tuyapitie pamoja mchana.