Mkono Juu ya Uzi: Sakiti za Resonansi kwa Waunda Redio wa Ridhaa
Mada iliyowasilishwa katika semina ya mafundi, Kenyenya



Nimeombwa nianze na maana ya sakiti ya resonansi. Nitaipitia mbio, maana wengi humu mnaijua kuliko mnavyokiri. Koili huweka nishati katika uga wa sumaku, kapasita huiweka katika uga wa umeme. Zikiunganishwa, nishati huenda na kurudi kati yake kwa masafa yake maalumu: moja gawanya kwa mbili pai mara kipeuo cha pili cha L mara C, L ikiwa induktansi ya koili na C kapasitansi ya kapasita. Aliyewahi kukaza uzi wa obokano, ala yetu ya nyuzi hapa Gusii, ameshaelewa. Kila uzi una sauti yake. Ukiukaza inapanda, ukiulegeza inashuka. Nasi tukiongeza mizunguko ya koili au pikofaradi, masafa yanashuka.

Iandikwe pia kwamba haya ni maoni yangu binafsi, na kwamba leo tunazungumzia mashine za kupokea tu. Anayetaka kurusha aombe leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, apewe alama yake ya wito ya 5Z4. Sitaki mtu aniambie baadaye kwamba semina ndiyo iliyomruhusu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimegombana nalo miaka mingi. Kijana huniletea redio aliyoiunda ya mita 40, yaani 7.000 hadi 7.200 megahezi, akisema: "Mwalimu, stesheni zote zinaingia pamoja." Amebadilisha transista mara mbili. Amenunua kapasita mpya. Hesabu yake ni safi: mikrohenri 5 na pikofaradi 100, resonansi takriban 7.12 megahezi. Nafungua boksi, nakuta antena imelehemiwa moja kwa moja kwenye ncha ya juu ya koili. Kila mara ni hapo hapo.

Koili hiyo, mizunguko 17 juu ya bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 2.5, waya ukienea sentimita 2.5, ina ukinzani wa induktansi wa omu 224 hivi kwenye masafa hayo. Ikiwa Q yake, yaani kipimo cha ukali wa resonansi, ni 150, sakiti nzima huonekana kama omu 33,500. Fungia juu yake antena ya omu 50 na Q inaanguka hadi 0.2. Si kupungua huko, ni kifo. Ni sawa na kupiga obokano huku umelaza kiganja juu ya uzi: uzi upo, umekazwa vizuri, lakini sauti haitoki. Kisha tunamlaumu aliyeuza uzi.

Peleka antena kwenye mzunguko 1 tu kutoka upande wa ardhi. Omu 50 zile sasa, kwa makadirio, zinaonekana juu kama 14,450, kwa sababu uwiano wa mizunguko hupigwa mraba. Q inabaki karibu 45, na upana wa bendi kama kilohezi 160. Ukiweka mizunguko 2, Q inashuka hadi 15 na upana unakaribia kilohezi 490. Mzunguko mmoja tu umetofautisha redio na kelele! Nimewahi kuomba chuo kimoja kiongeze jambo hili kwenye mafunzo yake. Nikaambiwa fomula inatosha.

Antena ya waya mrefu uliotupwa juu ya mkaratusi ina tabia nyingine, lakini nayo hupakia sakiti na kuongeza kapasitansi. Hapo linaingia tatizo dogo la pili: kapasitansi isiyonunuliwa. Nyaya ndefu, bodi ya kuchomekea na transista yenyewe zikileta pikofaradi 10, ile 7.12 inashuka hadi 6.79, nje kabisa ya bendi. Msikimbilie kukata koili. Punguzeni kapasita.

Mapendekezo yangu ni haya. Antena isiguse ncha ya juu ya koili. Kila anayefundisha sakiti hizi aanze na mzigo wa antena kabla ya fomula. Waandaaji watafute kipimo kimoja cha masafa cha kutumiwa na wote, kwa kuwa si busara kila fundi kununua chake. Kapasita za kugeuza katika redio mbovu zisitupwe. Hizo ni mali. Waya wa koili, hata ukitoka kwa mafundi wa mota, ukaguliwe rangi yake ya kuhami, na koili ipakwe vanishi, maana mvua ya Gusii hailegezi ngozi ya obokano peke yake. Nyaya ziwe fupi. Antena, narudia, isiguse ncha ya juu. Na asiye na kipimo atumie sikio: geuza kapasita polepole huku ukisikiliza mvumo wa hewani. Ukipanda ghafla na kushuka ghafla, sakiti ni hai. Usipobadilika, usiguse transista. Rudi kwenye antena.

Baada ya chakula nitaweka mezani koili mbili za mizunguko 17, moja imefungwa antena juu, nyingine kwenye mzunguko wa kwanza. Wale wenye redio zinazoingiza stesheni zote pamoja wazilete, na waje na bisibisi.