Mbele ya kununua paneli, mutuonyeshe hesabu

Wandugu na wadada, wakaaji wa komuni zote sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga,

Mji wetu unakaa juu ya maji. Bwawa la mto Tshopo liko hapa hapa tangu wakati wa ukoloni, lakini delestaji tunaijua kuliko umeme. Tangu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, SNEL haiko tena peke yake katika kazi hii, na paneli za jua zinaongezeka juu ya mabati. Ni vizuri. Lakini mtu akileta paneli kwenye kituo cha afya, tusipige makofi mbele hajaonyesha hesabu.

Hesabu yenyewe si siri ya mainjenia. Tufanye pamoja, kwa mfano wa maternite ndogo.

Taa 8 za wati 10, saa 10 za usiku: wati-saa 800. Friji ya chanjo: 600. Simu na vyombo vidogo: 100. Jumla 1500 kwa siku. Waya, batri na joto vinakula karibu robo, basi paneli zitoe 2000. Mvua yetu haingojei msimu. Tuhesabu saa 4 tu za jua kali, hata kama mchana ni saa 12. 2000 kugawa kwa 4: paneli za wati 500.

Sasa batri. Mawingu yakikaa siku mbili, tunahitaji wati-saa 3000. Batri ya asidi haifai kushuka chini ya nusu, basi tuweke 6000: ampea-saa 500 kwa volti 12. Hapa ndipo makuta mingi inaenda, na hapa ndipo wanadanganya. Wanaweka batri moja ya 200, wanapiga picha, wanaenda. Mawingu yakikaa, inanyonywa kupita nusu, inakufa haraka, na mama anazaa kwa tochi ya simu.

Kuna njia ya bei ndogo pia. Badilisha zile taa kwa za wati 5 zenye mwanga uleule: jumla inashuka mpaka 1100, paneli karibu wati 370, batri karibu ampea-saa 370. Kupunguza matumizi ni rahisi kuliko kununua jua zaidi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Hesabu ya kila mradi ibandikwe ukutani, pamoja na bei.
2. Pesa ya kubadilisha batri iwekwe tangu siku ya kwanza.
3. Kijana mmoja wa kartye afundishwe kupima na kutunza.

Nanyi vijana, chukueni kalamu, muende kwenye kituo chenu, muhesabu taa moja moja. Mwenye hesabu mkononi hadanganywi.

Jua ni la wote. Hesabu nazo ziwe za wote!