Rais Aliyepita Ukambani

(Hotuba ya wakili mbele ya wanaharakati na washirika wa kanisa, Matiliku)



Nimeombwa nizungumze juu ya mageuzi. Nitaanza mbali, kisha nitarudi nyumbani.

Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt aliteremka Mombasa. Alikuwa ameuacha urais wa Marekani mwezi uliotangulia. Alipanda gari la moshi, akaketi mbele ya injini apate kuwatazama wanyama, akashukia Kapiti, katika nyika za Machakos. Katika safari ile yeye na mwanawe Kermit waliwaua wanyama 512, wengi wao kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington. Mizigo ilibebwa na wapagazi Waafrika.

Je, huyu ndiye anayesifiwa kuwa mlinzi wa viumbe? Naam, ndiye, na ushahidi upo. Alishika madaraka mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 42, baada ya Rais McKinley kuuawa. Mwaka 1902 serikali yake iliishtaki Northern Securities, muungano wa makampuni ya reli, kwa kosa la ukiritimba. Na mwaka 1904 Mahakama ya Juu ikaamua muungano huo uvunjwe. Sisi mawakili twaipenda kesi hiyo kwa kuwa sheria iliyotumika haikuwa mpya. Ilitungwa mwaka 1890. Kilichokosekana ni mtu wa kuitumia dhidi ya wakubwa. Mwaka 1906 zikaja sheria za usafi wa nyama na vyakula. Tena alitenga ekari zipatazo milioni 230 za ardhi ya umma ziwe misitu, mbuga na hifadhi za ndege, ingawa sehemu za ardhi hiyo zilikuwa za wenyeji waliokuwako kabla ya Wazungu.

Kuhusu madaraka hakuwa imara vile. Mwaka 1904 aliahidi kwamba hatagombea tena, na mwaka 1908 akatimiza. Mwaka 1912 alirudi uwanjani na chama kipya, akashindwa na Woodrow Wilson. Wamarekani waliandika ukomo wa vipindi viwili katika katiba yao mwaka 1951. Nasi tuliupata katika mageuzi yaliyofuata kufutwa kwa kifungu cha 2A mwezi wa Desemba 1991, na mwaka 2002 Rais Moi akaondoka kwa mujibu wake. Ahadi ya mtu mmoja haikutosha kule, wala isingetosha hapa.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilisema udongo wa Ukambani unaharibika kwa wingi wa mifugo, ikawanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu na kuwauza. Udongo ulikuwa unaharibika kweli, hilo tusilikane. Lakini nani aliyekuwa amewasonga watu pamoja na ng'ombe wao katika eneo dogo, malisho mazuri, kama vile vilima vya Mua, yakapewa masetla? Muindi Mbingu aliwaongoza watu hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Lakini serikali ikaacha kunyang'anya ng'ombe.

Hifadhi isiyomshauri mwenye shamba ni amri tu, na amri ya namna hiyo tumekwisha kuionja. Ndiyo maana nawaomba mwisome Sheria ya Mchanga ya Kaunti ya Makueni ya mwaka 2015. Mchanga wa mito yetu ndio tangi letu. Ukiisha, mama atachimba kisima mtoni na kukuta mwamba. Lori likija, ulizeni kibali, andikeni nambari yake na tarehe. Msimpige dereva, kwani yeye ametumwa. Tafuteni jina la aliyemtuma, nanyi mniletee karatasi hiyo.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na naomba tuanze na akina mama wanaochota maji pale mtoni.